Nyumba ya Pili Ambayo Tanganyika Haikuijenga

Mtaa wa Lumumba unaambaa na viwanja vya Mnazi Mmoja, na ukiufuata kuelekea kusini unaingia Gerezani, kwa mafundi vyuma, karakana na kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara. Enzi za Waingereza mtaa huo uliitwa New Street. Pale unapokutana na Mtaa wa Kariakoo ndipo ilipojengwa nyumba ya African Association, chama kilichoasisiwa mwaka 1929. Katibu wake wa kwanza alikuwa Kleist Sykes, askari wa zamani wa jeshi la Mjerumani aliyekuja kuajiriwa na reli na kuishi Mtaa wa Kipata, Gerezani, mtaa ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Katika nyumba hiyo ya New Street, tarehe 7 Julai 1954, watu 17 walikigeuza chama, ambacho wakati huo kiliitwa Tanganyika African Association (TAA), kuwa TANU. Wawili kati yao walikuwa watoto wa Kleist: Abdulwahid, mkuu wa soko la Kariakoo, na mdogo wake Ally.

Habari za usiku na mchana wa mitaa hii katika kudai uhuru zimeandikwa sana, na bado zinastahili kuandikwa. Kisichoandikwa sana ni vyeo ambavyo nchi yao ilikuja kuvirithi: Spika, Gavana Mkuu, Waziri Mkuu, baadaye Rais. Mizizi ya vyeo hivyo ilikuzwa kwa karne nyingi Westminster, ndani ya Bunge la nyumba mbili. Huko, Waziri Mkuu anasimama kwa wingi wa nyumba ya chini, Spika anamlinda mbunge mnyonge asinyamazishwe na wengi, nyumba ya juu inaweza kuuchelewesha muswada, na mkuu wa nchi anatia saini mwisho wa yote. Tangu sheria za mwaka 1911 na 1949, mabwana wa nyumba ya juu ya Uingereza hawana tena uwezo wa kuuua muswada wa kawaida uliotoka kwa wawakilishi wa wananchi. Wanaweza kuuchelewesha kwa takriban mwaka mmoja tu, na ule wa fedha kwa mwezi. Hata hivyo muda huo una thamani yake, maana ndani yake magazeti yanasoma, wananchi wanauliza, na serikali inalazimika kujieleza mara ya pili.

Tanganyika ilivichukua vyeo, nyumba ya pili ikaiacha. Lakini kazi ya nyumba ile haikupotea. Ilihamia mahali pengine, na mahali penyewe ni hapo hapo New Street.

Kwanza tumtazame mwenye jina la mtaa, kwa sababu Patrice Lumumba alikuwa Waziri Mkuu katika Bunge la nyumba mbili, na yaliyompata yanaonyesha jinsi vyeo vikuu vya kikatiba vinavyoweza kugongana. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na katiba ya muda iliyotungwa Brussels kwa mfano wa Ubelgiji: Baraza la Wawakilishi, Seneti, Rais aliyechaguliwa na mabaraza hayo mawili yakiwa yamekaa pamoja, na serikali inayowajibika kwa yote mawili. Rais akawa Joseph Kasavubu. Jioni ya tarehe 5 Septemba, Kasavubu alikwenda kwenye redio ya Léopoldville akatangaza kwamba amemfukuza Waziri Mkuu wake, na kwamba nafasi hiyo ameikabidhi kwa Joseph Iléo, Rais wa Seneti. Usiku huohuo Lumumba naye akaingia redioni na kutangaza kwamba ni yeye aliyemwondoa Kasavubu.

Kila mmoja alikuwa na kifungu cha kushika. Katiba ilimpa Rais uwezo wa kuteua na kuondoa mawaziri. Katiba hiyohiyo ilisema serikali inaishi kwa imani ya mabaraza. Tarehe 7 Septemba Baraza la Wawakilishi lilitengua matangazo yote mawili, na kesho yake Seneti, ambayo rais wake mwenyewe ndiye aliyetajwa kuchukua uwaziri mkuu, ilisimama upande wa Lumumba kwa kura 41 dhidi ya 2. Hapo nyumba zote mbili zilikuwa zimefanya kazi yake sawasawa. Lakini tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu aliingilia kwa jeshi, na kura hizo hazikuwa na mlinzi tena. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Taarifa ya kifo chake ilitangazwa Februari. Mwezi uliofuata, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Karimjee, akiongoza mkutano wa katiba ya Tanganyika.

Kutoka New Street hadi Karimjee ni mwendo wa miguu, lakini zamani ulikuwa unapita katika miji mitatu. Waingereza waliifanya Mnazi Mmoja uwanja wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Ukivuka Uhindini ndipo unafika Uzunguni, na Karimjee iko huko, jirani na bustani ya mimea na Ikulu. Ukumbi huo ni zawadi ya ukoo wa kina Karimjee kwa jiji, na Baraza la Kutunga Sheria lilihamishia vikao vyake humo katika miaka ya 1950.

Baraza lenyewe lilianza mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, bila Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza waliingia mwaka 1945, na wote wawili walikuwa machifu: Kidaha Makwaia kutoka Usukuma na Abdiel Shangali wa Machame. Muda wote huo mwenyekiti wa kikao alikuwa Gavana. Yaani aliyeleta muswada ndiye aliyegawa zamu za kuujadili, na ndiye aliyeusaini ukishapita. Tarehe 1 Novemba 1953 ndipo Tanganyika ilipopata Spika wa kwanza, Brigedia William Scupham, na mwaka 1956 kiti kikachukuliwa na Abdulkarim Karimjee, akaongoza kikao ndani ya ukumbi wenye jina la ukoo wake. Wengi huliona badiliko hilo dogo. Mimi naliona kubwa, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza katika nchi hii mwenye kutawala na mwenye kuongoza mjadala walikuwa watu wawili tofauti.

TANU iliingia humo kwa hatua. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua Julius Nyerere, rais wa TANU, kuwa mjumbe, naye akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Januari 1958, mkutano wa Tabora ulikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na jambo hilo, akatoka na kuunda African National Congress. Uchaguzi wa tarehe 30 Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki kilikwenda kwa Herman Sarwatt wa Mbulu, ambaye naye alikuwa mwana TANU aliyegombea kivyake.

Basi ukumbi wa Karimjee ulikuwa na kiti cha Spika, meza ya serikali, na upande wa pili hakuna mpinzani wa kukaa. Mfumo wa Westminster unategemea kuwapo kwa mtu wa kubisha. Asipokuwapo ndani ya nyumba ya kwanza, angalau nyumba ya pili inaweza kuuliza. Katiba iliyotoka kwenye mazungumzo ya 1961 ilisema Bunge la Tanganyika ni Malkia na Bunge la Taifa, basi. Palikuwa na nyumba moja.

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipopandishwa, Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana, akawa Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia Elizabeth aliyekuwa sasa Malkia wa Tanganyika. Uwezo wake ulikuwa umesinyaa. Zamani gavana aliamuru. Sasa anashauriwa na mawaziri na kutia saini. Kazi moja tu ilimbakia yenye uzito: kumteua Waziri Mkuu, mtu ambaye kwa maoni yake anaungwa mkono na wabunge walio wengi. Hakungoja sana kuifanya. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake.

Nasimama hapa kidogo, maana tukio hilo husimuliwa kama habari ya mtu mmoja mnyenyekevu, na kweli alikuwa hivyo. Lakini ukilitazama kwa upande wa vyeo, utaona jambo la pili. Kwa maandishi ya katiba, swali la nani awe Waziri Mkuu lilikuwa kati ya Gavana Mkuu na wabunge. Kwa vitendo lilijadiliwa na kuamuliwa kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, kilichochukua siku kadhaa. Gavana Mkuu alipokea jina, Bunge likampokea mtu. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna redio iliyotangaza mawaziri wakuu wawili, na kwa hilo Watanganyika walikuwa na haki ya kushukuru wakikumbuka Léopoldville ya miezi 16 nyuma. Ila tayari palikuwa na chumba kingine juu ya Bunge, na chumba hicho hakikuandikwa kwenye katiba.

Je, nyumba ya pili ingeweza kujengwa? Malighafi ilikuwapo. Mwaka 1957 Twining aliwakusanya machifu Mzumbe katika mkutano wao maalumu, kwa nia ya kupata sauti ya kuisawazisha TANU. Mahali pengi duniani nyumba ya juu ilianza hivyo hivyo, kwa watu wa nasaba na ardhi. Na hapo ndipo penye kasoro: baraza lililoitishwa na mkoloni ili kuwazuia wananchi lisingekubalika kwa wananchi. Sioni namna ambavyo TANU ingelipokea. Sheria ya mwaka 1963 ikauondoa utawala wa machifu kabisa. Hata hivyo chifu mmoja alipewa kiti kikubwa kuliko vyote ndani ya Karimjee. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Kalenga aliyepigana na Wajerumani, alichukua uspika mwishoni mwa mwaka 1962, akaushika hadi 1973, kisha akarudi 1975 na kukaa hadi 1994. Hakuna aliyeongoza Bunge letu muda mrefu kama yeye.

Jamhuri ilikuja tarehe 9 Desemba 1962. Cheo cha Gavana Mkuu kilifutwa, cha Waziri Mkuu nacho kikafutwa, na kazi za vyote viwili akapewa Rais mmoja. Katika uchaguzi wa urais Mtemvu alipata kura elfu 21 na ushei. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Kutoka upande wa reli, Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa amewaongoza wafanyakazi wa reli katika mgomo mrefu wa mwaka 1960, alipelekwa London kuwa balozi mwaka 1962, akajiuzulu mwaka huohuo na kuunda chama chake cha upinzani. Baadaye aliwekwa kizuizini.

Katiba ya muda ya Julai 1965 ilihalalisha chama kimoja, kufuatia kazi ya tume iliyoongozwa na Kawawa. Mwaka huohuo Halmashauri Kuu ya TANU ilipewa kwa sheria uwezo wa kuita mashahidi, na wajumbe wake wakawekewa malipo sawa na ya wabunge. Msomaji apime mwenyewe: chombo kinacholipwa kama Bunge, kinachoweza kuhoji kama Bunge, na ambacho uamuzi wake Bunge linaupokea na kuutungia sheria. Hiyo ni nyumba ya juu. Tofauti yake na Seneti ni kwamba ilikaa milango ikiwa imefungwa, mwananchi hakuweza kusoma asubuhi nani alisema nini, wala hakukuwa na Spika wa kumlinda mwenye mawazo ya peke yake.

Oktoba 1968 uwezo huo ulionekana. Halmashauri Kuu iliwavua uanachama watu tisa, wengi wao wabunge, na kwa kuwa mbunge lazima awe mwanachama, walipoteza viti vyao bila Bunge kupiga kura hata moja. Mmojawao alikuwa Joseph Kasella Bantu. Jina lake limo katika orodha ya wale 17 wa New Street. Alikiasisi chama katika nyumba ile, na chama kikamwondoa katika nyumba nyingine aliyochaguliwa na wananchi. Spika Adam Sapi hakuwa na la kufanya, maana uamuzi haukupita mbele ya kiti chake.

Lazima pia niwataje wazee, kwa sababu Gerezani na Kariakoo zilikuwa na baraza lao. Baraza la Wazee wa TANU, chini ya Sheikh Suleiman Takadir, lilikuwa nguzo ya chama katika miaka yake migumu ya mwanzo. Mwaka 1958 Takadir alifukuzwa baada ya kutofautiana na uongozi juu ya nafasi ya Waislamu, na baraza halikurudia tena kuwa na uzito ule. Hata hivyo desturi ilibaki. Mpaka leo Rais mwenye jambo zito huwaita wazee wa Dar es Salaam. Ni mbele yao, tarehe 2 Novemba 1978, Nyerere alipotangaza kwamba Tanzania itapigana na Idi Amin. Naiheshimu desturi hiyo. Ila wazee huitwa kusikiliza, hawapigi kura, na hawawezi kumwambia Rais arudi wiki ijayo na maelezo zaidi.

Jirani zetu walijaribu njia nyingine. Kenya iliingia uhuru mwaka 1963 ikiwa na Seneti ya watu 41, iliyodaiwa na chama cha KADU ili kulinda majimbo, na Spika wake alikuwa Muinga Chokwe, mtu wa Pwani. KADU ilijivunja Novemba 1964. Mwaka 1966 Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na maseneta wakapatiwa majimbo ya uchaguzi ili wasikose kiti. Katiba ya 2010 iliirudisha, safari hii ikisimama juu ya kaunti 47. Oktoba 2024 Wakenya waliona kazi yake mubashara: Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, lakini halikuweza kumwondoa peke yake. Mashtaka 11 yalipelekwa Seneti, Spika Amason Kingi wa Kilifi akaongoza usikilizwaji, na maseneta wakayathibitisha matano, wakayakataa sita. Wapo waliosema matokeo yalishapangwa. Sawa, lakini kila shtaka lilipigiwa kura mbele ya kamera, na jina la kila seneta limeandikwa kando ya kura yake.

Sisi tuna kitu kimoja kinachokaribia, nacho hakitajwi vya kutosha. Ibara ya 98 ya Katiba yetu inataka mambo fulani, hasa yanayogusa Muungano, yapitishwe kwa theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali. Yaani nyumba moja inajigawa kuwa mbili kwa dakika chache za kura. Bunge Maalum la Katiba la 2014, chini ya Samuel Sitta akiwa Mwenyekiti na Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wake, lilitumia kanuni ya namna hiyo kupitisha Katiba Inayopendekezwa. Mjadala wa mwaka ule ulimezwa na swali la serikali mbili au tatu, na wapinzani wakatoka ukumbini mwezi Aprili. Swali la chombo cha kuupitia muswada mara ya pili halikupata nafasi yake.

Vyeo vingine vilirudi polepole. Uwaziri mkuu ulirejeshwa mwaka 1972, Kawawa akiwa wa kwanza tena. Chama kimoja kiliondoka mwaka 1992, na sasa Bunge lazima limthibitishe Waziri Mkuu aliyeteuliwa na Rais, na linaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani naye. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge kusoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Spika akiwa Sitta. Nyumba moja ikiwa na Spika asiyeogopa inaweza kufanya hivyo.

Lakini udhaifu wa nyumba moja ni haraka. Julai 2017 sheria nzito za rasilimali na madini zililetwa kwa hati ya dharura na kupita katika siku chache. Nilizikubali nia zake, na bado naamini nchi ilistahili muda zaidi wa kuzisoma. Hati hiyo husainiwa na Rais. Muswada ukishafika bungeni Dodoma, wa kusema usubiri ni Spika na Kamati ya Uongozi anayoiongoza, na nyuma yao hakuna nyumba nyingine.

Tangu Novemba 2025 Spika ni Mussa Azzan Zungu, mbunge wa Ilala, jimbo lenye Gerezani na Kariakoo ndani yake. Wakazi wa mitaa hii, mnaye mtu wa kumuuliza. Atakapokuja kwenye mkutano wenu, msimuulize barabara na mitaro peke yake. Mwambieni mnataka kila muswada ukae mezani muda wa kutosha kusomwa sokoni na karakana kabla haujapigiwa kura, na mumuulize ni mara ngapi atakubali hati ya dharura.